NANI ALIULIZWA? MAZUNGUMZO KUHUSU SHERIA NA BIASHARA NDOGO

Leo tuulizane swali moja: kwa nini biashara moja inafuatwa na askari kila siku, na nyingine inaachwa?

Wengi husema, "Serikali imeona hatari." Mara nyingine ni kweli. Maziwa yaliyotiwa maji au dawa humdhuru mtoto, lazima yapimwe. Lakini tukumbuke tulikotoka.

Wakati wa ukoloni, Mwafrika wa Kenya alikatazwa kupanda kahawa. Aliambiwa ataleta magonjwa ya mimea. Lakini walowezi waliogopa pia ushindani, tena waliogopa kukosa vibarua. Wao walikuwa na wajumbe katika Baraza la Kutunga Sheria. Mwafrika hakuwa na mjumbe wake mpaka 1944. Ni katika miaka ya 1930 ndipo wakulima wachache wa Kisii, Embu na Meru waliporuhusiwa kujaribu.

Haya, tuje kwa maziwa. K.C.C. ilianzishwa na walowezi mwaka 1925. Hata baada ya uhuru ililindwa, na soko la mijini likawa lake mpaka 1992. Soko lilipofunguliwa, mama mwenye mtungi wa maziwa mabichi bado alikimbizwa. Mwaka 2004 sera iligeuka, wachuuzi wakaanza kufundishwa usafi na kupewa leseni. Ng'ombe ni wale wale, maziwa ni yale yale!

Hapa sisi wafanyakazi wa maendeleo tulikosea. Tuliwaambia akina mama, "Sheria ni sheria, lipeni faini mrudi nyumbani." Hatukuuliza ilitungwa kwa faida ya nani.

Basi kikundi kifanye nini?

Kwanza, tengenezeni kwenu. Tumieni mikebe ya alumini, pimeni maziwa, msimpe mtu sababu.

Pili, Katiba ya 2010 inataka wananchi washirikishwe. Kila mwaka kaunti huleta Mswada wa Fedha wenye ada za leseni. Chagueni watu wawili waende kikaoni na maoni yaliyoandikwa. Nakala ibaki kwa katibu.

Tatu, kanuni mpya ikija, ulizeni: inamlinda nani, inambana nani, nani aliulizwa?

Wenye viwanda hawakosi kwenda. Nasi twende. Asiyekuwapo na lake halipo.