Kupima Mnato wa Lava

Asali humiminika polepole kuliko maji kwa sababu ya mnato wake. Lava nayo, yaani mawe yaliyoyeyuka, ina mnato. Katika kisiwa cha Iceland, mlima wa moto Hekla ulipowaka mwaka 1947 hata 1948, mtaalamu Trausti Einarsson alisukuma ufito ndani ya lava, akapima nguvu aliyotumia na mwendo wa ufito. Kazi ya jasho! Mbona tusichukue kipande tukakipime nyumbani? Ikipoa, lava huota chembe ngumu na gesi yake hutoka. Hata tukiiyeyusha tena si ile ile. Mwaka 1977 lava ya Nyiragongo, Kongo, yenye mnato mdogo mno, iliteremka kwa kasi kuliko akimbiavyo mtu, ikaua watu wengi.