Majina ya Nchi ya Mbulu na Hanang

Leo twazungumza habari za nchi ambayo watu wengi wa mbali walilisikia jina lake siku ya msiba. Tarehe 3 Desemba 2023 mvua kubwa ilibomoa ubavu wa mlima Hanang. Tope, mawe na magogo yakashuka hata mji wa Katesh, na watu zaidi ya 80 wakafa.

Mlima huo ulizaliwa kwa moto wa ardhi, kimo chake mita 3,417, nao umesimama peke yake katika mbuga mfano wa kisiwa baharini. Chini yake pana ziwa la chumvi, Balangida. Upande wa kaskazini nchi yapanda juu, penye baridi na ukungu: ndiko Mbulu.

Wenyeji wa huko hujiita Wairaqw, na nchi yao ya asili huiita Irqwa Da'aw. Sisi majirani twawaita Wambulu, kwa jina la mji wao. Lugha yao si ya Kibantu. Ina udugu wa mbali na Kisomali, ijapokuwa Msomali hataielewa.

Katika mbuga za Hanang wako Wadatoga, hasa Wabarabaig, watu wa ng'ombe. Ramani za zamani ziliwaandika Mang'ati, na hata mbuga yao ikaitwa hivyo. Neno hili ni la Kimasai, maana yake adui. Wamasai walikuwa na sababu ya kulisema, kwa kuwa walipigana nao vita vikali. Lakini mchora ramani alipigana na nani? Aliandika alilolisikia kwa jirani, wala hakumngoja mwenyewe ajitaje. Hata leo jina hilo husemwa sokoni na katika mabasi, na Wadatoga wengi hawalipendi.

Jina la mkoa nalo lina safari yake. Mkoa wa Manyara ulitengwa na Arusha mwaka 2002, ukapewa jina la ziwa. Na ziwa, kama wengi wasemavyo, lilipata jina kwa Wamasai, kutoka mti wa mnyaa, ule wenye utomvu mweupe upandwao kuzunguka maboma. Basi Mwiraqw wa Mbulu na Mdatoga wa Katesh, wakiandika barua leo, wote wawili huweka chini ya majina yao neno la Kimasai, jina la ua wa ng'ombe.