Tetemeko na Haki ya Jirani wa Mbali

Himidi zote anastahiki Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume Muhammad, jamaa zake na maswahaba wake. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, wengi wetu hapa Arusha tunalikumbuka tetemeko la Julai 17, 2007. Chimbuko lake lilikuwa upande wa mlima Gelai, ukubwa wake 5.9, na mtikisiko ulifika hadi Nairobi. Mwezi Septemba mlima Oldoinyo Lengai ukalipuka. Mjini tuliisimulia sana hofu yetu. Wafugaji wanaoishi chini ya milima ile tuliwataja kidogo mno.

Kagera ikatupa funzo zito zaidi. Alasiri ya Septemba 10, 2016, siku chache kabla ya Idi ya kuchinja, ardhi ilitikisika kwa ukubwa uleule. Watu 17 walifariki, na nyumba nyingi za tofali zisizo na nondo zikaanguka. Michango ilikuja, lakini Januari 2017 serikali ilisema wazi kuwa haitawajengea wananchi nyumba. Fedha zilielekezwa kwenye huduma za umma. Hatukusimama hapa kulaumu. Shule za Ihungo na Nyakato zilistahiki kujengwa upya. Tunachouliza ni hiki: mjane wa kijijini Missenyi alibaki na nani wa kumwezekea paa, kama si sisi?

Wapo wanaokimbilia kusema kuwa waliofikwa wameadhibiwa. Huo ni ujasiri mbaya juu ya elimu ya ghaibu. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa muumini anayekufa chini ya jengo lililoanguka ana daraja ya shahidi. Msemaji huyo atamtazamaje mfiwa?

Nasi tunaishi chini ya Meru, mlima uliolipuka mara ya mwisho mwaka 1910. Tunao jamaa Ngarenanyuki na Oldonyosambu, na mbele zaidi Longido hadi Gelai, kwenye njia zinazotesa magari wakati wa mvua. Basi kamati za misikiti zianze sasa kuweka akiba ya maturubai, mablanketi, madumu ya maji, mabati na misumari. Fedha ziandikwe daftarini, na hesabu isomwe mbele ya waumini baada ya sala ya Ijumaa. Zaka ina mafungu yake manane, isichanganywe na michango mingine. Ama sadaka, mlango wake ni mpana: jirani asiyekuwa Muislamu naye paa lake limeanguka. Na gari la kwanza lianzie kijiji cha mwisho kabisa, kisha lishuke kuelekea lami.