Ghala la Programu na Jibu Lililochakaa

Juma lililopita tulisoma jinsi programu kubwa ya kompyuta inavyojengwa kwa vipande vilivyotengenezwa na watu wengine. Leo tutasoma kwa nini kipande kipya huweza kuwapo ghalani, na hata hivyo kompyuta yako ikasema hakipo.

Tuchukue Maven, chombo kitumiwacho na waandikao programu kwa lugha ya Java. Vipande hivyo hupatikana katika ghala kuu la intaneti liitwalo Maven Central. Maven ikileta kipande, huweka nakala katika kompyuta yako, ndani ya folda iitwayo .m2. Pamoja na nakala huweka maelezo: matoleo gani yapo, na mara ya mwisho iliuliza lini. Hiyo ndiyo akiba. Faida yake ni kubwa, maana kazi huenda upesi, na ghala kuu halisumbuliwi kila dakika.

Lakini sikilizeni vizuri. Akiba haiweki neno "kipo" tu. Huweka na neno "hakipo". Mathalani, mwenye duka amtuma kijana kwa muuza jumla kuulizia sukari. Kijana arudi, aandika daftarini: "Haijafika." Saa nne lori lashusha magunia. Mteja akija, kijana hutazama daftari na kujibu, "Haijafika." Hasemi uwongo, jibu lake limechakaa.

Maven nayo ni hivyo hivyo. Kwa kawaida huuliza upya mara moja kwa siku. Ukitafuta toleo asubuhi kabla halijafika ghalani, huandika alama katika faili ambalo jina lake huishia na .lastUpdated, na siku hiyo haiulizi tena. Gradle, chombo kingine cha kazi hii, hushika kwa saa 24 habari za matoleo yanayoweza kubadilika.

Je, hasara yake ni nini? Desemba 2021 ilitangazwa kasoro ya hatari katika Log4j, kipande kinachoandika kumbukumbu za programu. Kwa kasoro hiyo mtu wa mbali aliweza kuendesha amri zake katika kompyuta ya mwingine. Mwezi huo huo yalitolewa matoleo 2.15.0, 2.16.0, 2.17.0 na 2.17.1. Siku kama hizo, jibu la asubuhi likishikiliwa hadi usiku, mwizi ameachiwa mlango wazi.

Basi, dawa ni hizi. Kwa Maven, ongeza -U katika amri yako, nayo italazimika kuuliza upya. Kwa Gradle, ongeza --refresh-dependencies. Isipofaa, futa folda ya kipande hicho tu. Usifute akiba yote, kwani utaleta upya mizigo isiyo na kosa. Tena kumbuka: kampuni nyingi zina ghala lao la kati, lenye daftari lake. Alama ya -U haifuti daftari hilo. Mwone mtunza ghala.

Swali la kujibu nyumbani: Wenzako wawili watumia amri ile ile, mmoja apata toleo jipya, mwingine aambiwa halipo. Utatazama wapi kwanza, na kwa nini?

Kuuliza si ujinga, na kuuliza mara ya pili pia si ujinga. Kwaherini.