Stevenson na Mapigano Aliyoyakosa

(Mazungumzo yaliyotolewa bwaloni, jioni ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Nimepewa dakika ishirini na onyo moja. Onyo ni la Katibu: nisisimulie ndondi zangu za shuleni, kwa sababu ati kila mwaka watu niliowaangusha wanaongezeka. Nimekubali. Nitasimulia ndondi za mtu mwingine, Teófilo Stevenson wa Cuba, ambaye nilimkosea katika bwalo hili hili.

Ilikuwa mwaka 1978, nikiwa Kidato cha Nne. Palikuwa na mdahalo, na hoja ilisema kwamba bondia anayekataa kupigana na bingwa ni mwoga. Mimi ndiye niliyeitoa hoja. Aliyeipinga ni mwenzangu wa bweni, ambaye baadaye alimwoa dada yangu. Nitamwita Shemeji tu, kwani yupo pale meza ya tatu na hapendi kutajwa mbele ya pilau. Wakati ule magazeti yalikuwa yamekwisha kutueleza kwamba Stevenson aliahidiwa dola milioni moja, wengine wakisema zaidi, aingie katika ngumi za kulipwa na apambane na Muhammad Ali. Alikataa. Alijibu kwamba milioni moja ya dola si kitu mbele ya mapenzi ya Wacuba milioni nane. Mimi nilisimama hapa nikapiga hesabu ubaoni: karibu shilingi milioni nane! Nikauliza, nani hapa angezikataa, kama si kwa hofu? Bwalo likacheka, kura zikapigwa, nikashinda vibaya sana. Shemeji alikaa chini bila neno.

Sasa vijana wengi hapa hawamjui mtu huyu, kwa hiyo nieleze. Alizaliwa mwaka 1952 Puerto Padre, mashariki ya Cuba, akafariki Havana mwaka 2012. Alishinda medali ya dhahabu ya Olimpiki ya uzito wa juu mara tatu mfululizo: Munich 1972, Montreal 1976, Moscow 1980. Kabla yake ni bondia mmoja tu aliyepata dhahabu tatu, László Papp wa Hungaria, lakini Papp alizipata katika uzito wa aina mbili. Baadaye akaja Mcuba mwingine, Félix Savón. Hao watatu, basi. Stevenson alikuwa pia bingwa wa dunia wa ngumi za ridhaa mwaka 1974, 1978 na 1986.

Alipiganaje? Kijana wa Kidato cha Tatu, wewe mrefu, njoo hapa.

(Msemaji alimsimamisha mwanafunzi mmoja mbele ya meza kuu.)

Simama wima. Wima kabisa, kama unaimba wimbo wa Taifa. Mkono wa kushoto mbele, usiupige, uuweke tu hewani kama mtu anayetafuta swichi gizani. Ndivyo alivyosimama. Alikuwa na urefu wa futi 6 na inchi 5, na ule mkono wa kushoto ulikuwa wa kupimia tu. Aliweza kuzunguka nao raundi nzima watazamaji wakapiga miayo. Mpinzani akishajipanga pale mkono ulipotaka ajipange, wa kulia ulikuja moja kwa moja, bila kuzungushwa, bila kuvutwa nyuma kwanza. Hapo ndipo penye siri. Mabondia wengi wenye nguvu huwaandikia barua wapinzani wao: wanavuta bega, wanakunja uso, halafu ndiyo wanapiga. Huyu hakuandika barua. Asante kijana, kaa.

Mwalimu wake mkubwa alikuwa Alcides Sagarra, na alipokuwa kijana alifundishwa pia na Mrusi, Andrei Chervonenko. Katika michezo ya mabara ya Amerika ya mwaka 1971 alipigwa na Mmarekani Duane Bobick. Mwaka mmoja baadaye wakakutana tena Munich. Wamarekani walimhesabu Bobick kuwa ndiye atakayerithi mambo makubwa. Katika raundi ya tatu Stevenson alimwangusha mara tatu, refa akasimamisha. Fainali haikupiganwa, maana Mrumania Ion Alexe aliumia mkono, na kijana wa miaka 20 akavishwa dhahabu.

Naomba nikae kidogo hapa, kwa sababu watu husema ngumi za ridhaa ni mchezo wa watoto, raundi tatu na kwaheri, na kwamba hatuna kipimo. Kipimo kipo. Chukua John Tate. Montreal, mwaka 1976, nusu fainali: Tate hakumaliza raundi ya kwanza. Konde moja la kulia akalala. Tate huyo huyo aliingia ngumi za kulipwa, na Oktoba 1979 alimshinda Gerrie Coetzee akawa bingwa wa dunia wa WBA. (Pambano lilikuwa Pretoria, wakati wa ubaguzi wa rangi, na hilo ni jambo la siku nyingine.) Chukua Tyrell Biggs, aliyepata dhahabu ya Los Angeles mwaka 1984: alikuwa amekwisha kupigwa na Stevenson kabla ya michezo hiyo. Chukua sasa na upande wa pili, ili nisionekane nimenunuliwa. Bobick, alipokuwa analipwa, aliangushwa na Ken Norton mwaka 1977 kabla dakika moja haijatimia. Kwa hiyo kumpiga Bobick si cheti cha kumpiga Ali.

Je, angempiga Ali? Hili ndilo swali mnalolitaka, nawaona mnavyosogeza viti. Jibu langu ni la vipande. Agosti 1974 Stevenson alikuwa bingwa wa dunia kwao Havana. Miezi miwili baadaye, tarehe 30 Oktoba, Ali alimwangusha George Foreman kule Kinshasa. Kwetu ilikuwa saa kumi na mbili alfajiri, nami nilikuwa Darasa la Saba, nikaambiwa habari hiyo na mwuza maziwa. Ali yule, kwa raundi 15, nisingemwekea Stevenson hata senti. Mtu aliyesimama kambani akamwacha Foreman ajichoshe angesimama mbele ya ule mkono wa kulia vile vile, akangoja. Stevenson hakuwahi kupigana raundi ya nne maishani mwake. Raundi ya kumi ya Stevenson haijui mtu yeyote, wala yeye mwenyewe hakuijua.

Lakini Ali wa 1978 ni habari nyingine. Februari ya mwaka ule Leon Spinks alimshinda Ali kwa pointi, raundi zote 15. Spinks alikuwa nani? Kijana aliyetoka Montreal na dhahabu ya uzito mdogo zaidi, akiwa na mapambano saba tu ya kulipwa mfukoni. Ikiwa Spinks aliweza, basi Stevenson, katika raundi tatu au nne za mwanzo, angeweza kumlaza. Baada ya hapo ningehamisha fedha zangu. Septemba Ali alimrudia Spinks akamshinda, kwa hiyo na mimi sina haki ya kujidai sana.

Katika mdahalo mimi nilisema mengi, lakini sikusema hata mara moja kwamba Cuba ilikuwa imepiga marufuku michezo ya kulipwa tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960. Sikusema kwa sababu sikujua. Kwa Stevenson kusema ndiyo hakukuwa kusaini karatasi tu. Kulikuwa kuondoka kwao, kumwacha mama yake, na kutorudi. Na Marekani nayo ilikuwa na vikwazo vyake vya fedha dhidi ya Cuba. Sikatai kwamba serikali yake ilimpa nyumba na gari, na kwamba shujaa wa Taifa hupewa hotuba ya kusoma. Sisi tuliokulia miaka ile tunajua jibu zuri gazetini linaweza kuandikwa na watu wawili. Lakini muda ulipita, mabondia wengine wa Cuba wakatoroka wakalipwa, na yeye alikaa, akastaafu, akafanya kazi katika chama cha ngumi cha nchi yake. Hofu haidumu miaka 40.

Kuna waliochagua vingine, na sitaki wadharauliwe. Katika mashindano yale yale ya Havana ya 1974 Ayub Kalule wa Uganda alipata dhahabu, na Stephen Muchoki wa Kenya akapata fedha katika uzito mwepesi kuliko wote. Wote wawili walikwenda Denmark kupigania riziki. Kalule alitwaa ubingwa wa dunia wa WBA huko Japani mwaka 1979, akaupoteza mwaka 1981 mbele ya Sugar Ray Leonard. Muchoki, aliyekuwa bingwa wa dunia wa ridhaa mwaka 1978, aliujaribu ubingwa wa kulipwa mwaka 1982 akasimamishwa na Santos Laciar wa Argentina. Hao walikwenda kuonana na raundi ya kumi. Nawavulia kofia.

Sasa nieleze kilichonigeuza. Miaka mingi baada ya mdahalo, nikiwa mwalimu, Shemeji alikuja kwangu Krismasi. Tulikuwa tunabishana juu ya jambo jingine kabisa, akaniuliza: "Bayi alikuwa mwoga?" Nikasema umepagawa. Filbert Bayi! Februari 1974 kule Christchurch alivunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, John Walker wa New Zealand akiwa nyuma yake. Dunia nzima ilingoja warudiane Montreal. Tanzania ikasusia michezo ile, pamoja na nchi nyingi za Afrika, kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini. Walker akakimbia bila Bayi, akapata dhahabu. "Basi," akasema Shemeji, "kwa hoja yako ya 1978, Bayi alimkimbia Walker." Akaendelea kula.

Sikulala vizuri usiku ule. Hapa Tanzania hatukumwuliza Bayi kwa nini hakwenda, tulijua mlango ulifungwa na nani na kwa sababu gani, tukaikubali sababu. Stevenson tulimwuliza kwa sababu aliyetusimulia habari zake ni yule aliyetaka kuuza tikiti.

Tangu siku ile, nikiambiwa bondia fulani alimkwepa fulani, kwanza nauliza nani alifunga mlango. Pambano la Ali, Stevenson alilifunga mwenyewe, na nchi yake ikaegemea mlango huo huo kwa bega. Los Angeles 1984 alifungiwa. Alikuwa na miaka 32, Urusi ikasusia, Cuba ikafuata, na dhahabu ya nne ambayo hakuna bondia aliyewahi kuipata ikaenda kwa Biggs. Mwaka 1986 Stevenson akawa tena bingwa wa dunia, huko Reno, Marekani, akiwa na miaka 34. Mwaka 1988 Cuba ikasusia tena, Seoul. Naye akastaafu. Kama mnataka kumlilia pambano alilolikosa, mlilieni lile la 1984. Hilo halina muuzaji wa kulitangaza, ndiyo maana hamkuwahi kulisikia.

Na kama mnataka kumlaumu, sina budi kuwapa jina: Igor Vysotsky, Mrusi. Si mrefu, shingo fupi, anaingia chini ya ule mkono wa kushoto na kupiga makonde ya pembeni kama mtu anayepasua kuni. Alimshinda Stevenson kwa pointi huko Cuba mwaka 1973, na mwaka 1976 huko Minsk akamwangusha. Vysotsky hakuwahi kupigana Olimpiki, kwa hiyo Stevenson hakumkuta njiani kwenye zile dhahabu tatu. Kasoro ilikuwa wazi: ukimnyima nafasi ya kupima, mkono wa kulia haukuwa na anuani. Mwaka 1982 Mwitaliano Francesco Damiani naye alimtoa katika mashindano ya dunia. Hata Moscow mwaka 1980, Mhungaria István Lévai alimkimbia raundi tatu nzima, wa kwanza kumaliza naye pambano la Olimpiki akiwa amesimama, na uwanja ukapiga miluzi. Kwangu mimi alama ya kuuliza iliyo katika kitabu cha Stevenson ni Vysotsky, wala si Ali. Huyo alikutana naye ulingoni mara mbili, bila dola hata moja, na mara zote mbili alishindwa.

Ndugu Mwenyekiti, Katibu ananionyesha saa. Limebaki deni. Katika mdahalo ule tulikuwa tumewekeana sharti: atakayeshindwa atampa mwenzake mkate wake wa Jumapili kwa muhula mzima. Shemeji alilipa, Jumapili kumi na mbili, bila kukosa hata moja, na mimi niliila mikate ile mbele yake. Shemeji, kesho ni Jumapili. Nimezungumza na mpishi.