Muulize mwenyewe
Maneno mbele ya wanafunzi wa meno, Kamina



Tuliporudi kutoka Zambia, nilimpeleka yaya yangu ang'olewe jino. Yeye hatembei, tulimbeba. Mwanafunzi mmoja akaniangalia mimi: «Anaumwa wapi?» Yaya akajibu mwenyewe: «Miguu ndiyo ilikufa, kinywa kiko kizima.» Watu walicheka. Yeye hakurudi tena kule, na jino la pili likamvimbisha shavu wiki nzima.

Basi, anzeni kwa mgonjwa mwenyewe. Kama ni kiziwi, mbele ya kazi shusha maske, aone midomo yako. Mtoto anayeshtuka, mwonyeshe chombo, akishike. Kiti kikiwa juu sana, mtibu palepale kwenye kinga yake.

Umeme nao si sababu, tunaujua wa hapa! Tanzania, miaka ya 1980 katikati, waliaanza kukwangua jino lililooza kwa vyombo vya mkono tu, kisha kuliziba. Hakuna mashine ya kulia kichwani. Simenti yake, glasi-ionoma, OMS iliitia katika orodha ya dawa za lazima mwaka 2021.

Wafazili, hivyo vyombo na hiyo simenti ndivyo tunaomba. Kubeba wagonjwa, chama kitabeba. Yaya amekubali kuwa wa kwanza.