Jicho Huanzia Wapi? Usanifu wa Michoro Kati ya Kibaha na Kisarawe



Ipo alama ambayo hakuna aliyefundishwa darasani, na kila mwenye nyumba kandokando ya Barabara ya Morogoro anaijua: X nyekundu ukutani. Ilipoamuliwa kupanua kipande cha Kimara hadi Kibaha, kilomita 19.2, nyumba zilizohesabiwa kuwa ndani ya hifadhi ya barabara zilipigwa X, na mwaka 2017 bomoabomoa ikapita. Mistari miwili ya rangi ilitosha kumfanya mtu ahamishe vitanda. X yenyewe haikumweleza sababu, wala haikumwambia aende wapi kuuliza.

Naanza na alama chungu hivyo kwa kuwa wengi wetu tukisikia usanifu wa michoro tunafikiria urembo tu: kadi ya harusi, fulana ya kampeni, nembo ya duka. Hivyo vyote vimo. Lakini anayesanifu, kabla hajagusa rangi, ana maamuzi ya kufanya: nani atasoma, atakuwa wapi wakati anasoma, jicho lake lianzie wapi, na akishamaliza afanye nini. Herufi, picha na nafasi tupu ni vyombo vya kutimizia maamuzi hayo.

Taifa letu lilikutana na jambo hili mapema. Katika uchaguzi wa 1965, wapiga kura wengi walikuwa hawajui kusoma. Jimbo lilipokuwa na wagombea wawili, mmoja alipewa alama ya jembe na mwingine nyumba. Kura ikapigwa kwa picha. Hata hivyo, katika nchi ya wakulima, jembe lina uzito wake moyoni mwa mtu hata kabla hajajua limewekwa kwa nani. Anayechagua alama kwa ajili ya umma ameshika madaraka, ajue asijue.

Mama zetu wanazijua kanuni za kazi hii bila kuziita hivyo. Khanga ina pindo linalozunguka, mji katikati, na jina lililoandikwa pale ambapo macho ya jirani yatafika. Abiria naye, awe Gongo la Mboto akisubiri gari la Kisarawe au pengine popote mjini, huanza kuitambua daladala kwa mstari wa rangi ubavuni kabla hajasoma neno.

Sasa tuitazame kwa karibu bahasha ya dawa, ile ndogo ya karatasi tunayopewa dirishani. Juu pameandikwa jina la dawa, chini yake kwa kalamu: 1×3. Mtoa dawa anasoma kidonge kimoja mara tatu kwa siku. Bibi anayefika nyumbani na bahasha hiyo anameza pamoja na chakula: saa 1 asubuhi, saa 7 mchana, saa 1 usiku. Hesabuni. Kutoka kidonge cha usiku hadi cha asubuhi zimepita saa 12, na ikiwa dawa ile ilitakiwa kila baada ya saa 8, kwa saa 4 za mwisho mwili umekaa na upungufu. Bibi hakukaidi. Karatasi ndiyo iliyomnyima habari.

Bahasha hiyohiyo ingeweza kuchapwa visanduku vitatu: jua linachomoza, saa 12 asubuhi; jua la utosini, saa 8 mchana; mwezi, saa 4 usiku. Mtoa dawa angejaza idadi ya vidonge katika kila kisanduku, basi. Kwangu mimi, msanifu atakayeitengeneza vizuri bahasha hiyo amefanya kazi kubwa kuliko mwenye nembo inayong'aa juu ya ghorofa.

Mabango ya fleksi yamerahisisha uchapaji, nami nayafurahia. Ila mengi yamejaa: sura za wageni rasmi zimechukua nafasi yote, na tarehe ya chanjo imebanwa pembeni kwa herufi za kutafutwa. Fundi wa kibao, yule anayeandika kwa brashi, huvuka barabara, akasimama ng'ambo na kutazama kama neno linafika. Wanafunzi wangu wenye kompyuta nzuri wanahitaji kuvuka barabara hiyo.

Kwa hiyo ninyi wa halmashauri, shule na zahanati nina ombi. Kabla ya kupeleka tangazo au fomu kwa mchapaji, mpeni nakala mtu atakayeitumia, mnyamaze, mtazame anaanzia wapi kusoma. Akipotea, rekebisheni karatasi. Na kwa zahanati za Kibaha na Kisarawe, idara yetu iko tayari kuanza nanyi kwenye bahasha za dawa.